Msomaji wa Mswada: Kazi Kongwe Isiyo na Jina

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa dogo. Mwandishi amemaliza kuandika riwaya ya vijana. Kabla hajaipeleka kwa mchapishaji, anamtafuta mtu wa kuisoma na kumwambia bila kumficha mahali inapopwaya. Je, mtu huyo aitwe nani kwa Kiswahili?

Swali hilo tuliletewa na mwandishi mmoja wa Mkwaja, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, kati ya mji wa Pangani na Saadani. Alikuwa ameuzungusha mswada wake kwa miezi mingi akiomba usomwe. Shida yake ya kwanza ilikuwa kupata watu. Shida ya pili, ambayo ndiyo iliyomleta kwetu, ilikuwa kwamba kila alipoeleza anachokitaka alieleweka vingine. Aliposema anatafuta msomaji, walidhani anauza kitabu. Aliposema anatafuta mhariri, alitajiwa bei. Aliposema anatafuta mhakiki, mwalimu mmoja alimjibu kwamba kazi ambayo haijachapwa haihakikiwi. Hivyo mwandishi huyu alikosa msaada, na sehemu ya sababu ilikuwa kwamba alikosa neno.

Waandishi wa Kiingereza siku hizi wanalo jina la mtu huyo. Wamelitoa katika kazi ya kompyuta, ambako programu inayojaribiwa ndani ya kiwanda hutajwa kwa herufi ya kwanza ya Kiyunani, alfa, na ile inayopewa watu wachache wa nje waijaribu kabla ya kuuzwa hutajwa kwa herufi ya pili, beta. Kwa hiyo yule anayeusoma mswada kabla haujakamilika huitwa msomaji beta. Baadhi ya vijana wetu wameanza kulitumia jina hilo kama lilivyo.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatupingi neno kwa sababu tu limetoka nje. Lakini kabla ya kukopa ni wajibu wetu kuuliza kama kazi inayotajwa ni ngeni kwetu. Maoni yetu ni kwamba si ngeni. Watu wa pwani hii waliifanya kazi hiyo zamani za utenzi wa mkono. Ilipokuja matbaa, na baada yake kamati za kuidhinisha vitabu, kiti cha msomaji wa kumsaidia mwandishi kilikaliwa na msomaji wa kumpima. Tukapata majina mengi ya mpimaji, na yule wa kwanza akabaki bila jina. Katika kurasa zifuatazo tutaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha tutatoa mapendekezo.

2. Asili ya neno mswada

Neno mswada limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya weusi. Kwa asili ni karatasi iliyotiwa weusi, yaani iliyojaa wino, mistari ya kufuta na maneno ya pembezoni. Kiarabu kina pia neno la kulikabili hilo, lililotokana na shina la weupe, yaani nakala iliyoandikwa upya ikawa safi. Kiswahili kiliuchukua weusi kikauacha weupe. Tunao mswada, lakini mwenziwe tunamweleza kwa maneno mawili: nakala safi.

Asili hiyo ina mafunzo kwa wanaistilahi. Neno lenyewe lasema kwamba mswada ni kazi ambayo bado inarekebishika. Mwandishi anayemwonyesha mtu mswada, kisha akakasirika anapoambiwa kuwa una kasoro, hajaielewa maana ya neno alilolitumia. Wahenga walisema mficha uchi hazai; wakasema pia kinyozi hajinyoi. Methali ya kwanza yamhusu anayeufungia mswada sandukuni, na ya pili yamhusu anayedhani ataweza kuusahihisha peke yake.

Baadhi ya waandishi huandika muswada na wengine mswada. Wingi wake kwa wote ni miswada. Hapa tutatumia mswada. Neno hilohilo hutumika Bungeni kwa sheria inayopendekezwa, na matumizi hayo yatufaa kwa mfano. Mswada wa sheria husomwa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, na kati ya kusomwa huko kamati huwaita wananchi watoe maoni. Sheria haipitishwi kwa kusomwa na aliyeiandika peke yake. Riwaya aghalabu hupitishwa hivyo.

3. Watenzi na wasikilizaji wa Mrima

Kabla ya matbaa, watu wa Mrima waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mfano ulio karibu na Mkwaja ni ule wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa mwaka 1307 wa Hijra, ambao unaangukia 1889 na 1890 ya Miladi. Vita anavyovisimulia vilianza Pangani mwaka 1888, vikaenea pwani yote hadi Saadani na kusini zaidi. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Utenzi huo ulitungwa wakati walioviona vita kwa macho walikuwa hai, na ulichapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1955.

Tuangalie jinsi utenzi ulivyowafikia watu. Mara nyingi haukusomwa kimyakimya na mtu mmoja. Ulighanwa barazani au nyumbani, mbele ya wazee, wanawake na vijana. Mghani alipokosea vina alisikika, na mtunzi alipokosea jina la mtu au mahali, alikuwapo aliyelijua jina hilo. Zaidi ya hayo, utenzi ulienea kwa kunakiliwa kwa mkono, na kila mnakili alikuwa msomaji aliyelazimika kupita juu ya kila neno.

Ipo pia ada ya kumalizia utenzi. Katika beti za mwisho mtunzi aghalabu hujitaja jina, hutaja tarehe na wakati mwingine idadi ya beti, kisha huwaomba wajuzi wasahihishe watakapoona kosa na waongeze palipopungua. Yawezekana kwamba kwa watunzi wengine ombi hilo lilikuwa adabu tu. Lakini tukilinganisha nakala mbalimbali za utenzi mmoja, tukaona beti zilizoongezwa na maneno yaliyobadilishwa, hatuna budi kukubali kwamba wako waliolichukua ombi kwa uzito.

Kwa hiyo, katika mazingira hayo hapakuwa na mpaka mkali kati ya mswada na kitabu. Kazi iliendelea kusahihishwa kadiri ilivyoendelea kusomwa. Labda hii ndiyo sababu kazi ya msomaji wa kwanza haikupewa jina lake: kila msikilizaji alikuwa nayo.

4. Matbaa na Kamati

Matbaa iliuweka mpaka huo. Herufi za risasi zikishapangwa na karatasi zikishapigwa chapa, kosa hubaki katika nakala zote. Hapo ndipo ilipokuwa lazima kuwe na mtu wa kusoma kabla.

Katika Tanga mtu huyo, kwa namna fulani, alikuwa kijana. Gazeti la Kiongozi, lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20 wakati wa utawala wa Wajerumani, lilichapwa katika matbaa ya shule ya serikali, na wanafunzi wa shule walishiriki katika kazi hiyo. Kijana aliyepanga herufi alilazimika kuyasoma maneno moja baada ya moja kabla hayajawafikia wasomaji. Baadaye, gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa watunzi wa mashairi uwanja wa kujibizana na kusahihishana hadharani, ingawa usahihishaji huo ulikuja baada ya kuchapwa.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1930. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu kabla ya kuchapwa, kuisahihisha lugha yake, na kuipa ithibati iliyostahili. Kuwatia moyo waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao nako kuliandikwa katika madhumuni yake.

Si haki kuibeza kazi hiyo. Bila ya tahajia moja, mtoto wa Tanga na mtoto wa Kisumu wasingeweza kusoma kitabu kimoja. Lakini yatupasa tuone mambo mawili. Kwanza, katika miaka yake ya mwanzo Kamati hiyo haikuwa na wajumbe Waafrika. Lugha ilipimwa na watu walioipata ukubwani. Pili, msomaji wa Kamati hakusoma kwa niaba ya mwandishi, wala kwa niaba ya yule ambaye kitabu kiliandikwa kwa ajili yake. Alisoma kwa niaba ya kanuni. Swali lake lilikuwa kama maandishi ni sahihi. Mtoto wa shule ambaye angekisoma kitabu hakuulizwa kama amekielewa au kama alitamani kuifungua sura ya pili.

Hivyo ndivyo ithibati ilivyokaa mahali pa msomaji. Wanaistilahi wataona kwamba katika kipindi hicho na kilichofuata tulipata maneno ithibati, idhini, uhariri, usahihishaji na tathmini. Yote ni maneno ya mamlaka au ya ufundi. Hakuna hata moja linalomtaja msomaji rafiki.

5. Mwandishi aliyekaa pande zote mbili

Mtu wa Tanga aliyezijua pande zote mbili ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani katika idara ya forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga na katika idara ya upimaji. Kwa hiyo miaka mingi ya uandishi wake ilipita katika pwani hii, baada ya saa za kazi.

Kwa upande mmoja alikuwa mwandishi ambaye miswada yake ilipimwa na wengine. Kwa upande mwingine alikuja kuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na hivyo akawa miongoni mwa wapimaji. Lakini nje ya viti hivyo viwili alikuwa na nduguye, mwalimu Yusuf Ulenge. Barua alizomwandikia kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Anayezisoma anamwona mwandishi ambaye mambo ya nyumbani na mambo ya kalamu kwake hayakutengana, na ambaye alikuwa na mtu wa damu yake wa kumfungulia moyo. Ndugu wa namna hiyo hatoi ithibati. Anatoa sikio.

Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, na vyote viwili vilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Vingine havikutoka akiwa hai. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake aliacha miswada ambayo wasomaji wake, vijana kwa wazee, waliisubiri mpaka baada ya kifo chake. Hapo twaona jinsi njia ya kutoka mezani hadi mikononi mwa msomaji ilivyokuwa ndefu.

6. Kutoka Shirika la Vitabu hadi tuzo za leo

Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa Kiingereza kwa kifupi EALB. Shirika hilo lilipokea miswada ya wenyeji, likaisomesha kwa wajuzi na kuwashauri waandishi. Mashindano yake ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960. Shirika hilo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Shirika hilo ndilo pia lililotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Riwaya hiyo inamhusu msichana wa shule, na kwa miaka kadhaa haikuruhusiwa kusomwa shuleni. Wakubwa waliikubali ichapwe, na wakubwa wakaizuia. Hatuna nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba mjadala wote ulikuwa juu ya msichana, na msichana hakuwa na kiti katika mjadala.

Katika miaka ya baadaye kazi ya kuidhinisha vitabu vya shule ilipewa kamati ya vifaa vya elimu, EMAC, ambayo ilivunjwa mwaka 2013 baada ya makosa yaliyokuwamo katika vitabu vilivyoidhinishwa kulalamikiwa Bungeni. Kazi hiyo ikaenda kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, nalo hutoa ithibati ya lugha. Tukio la mwaka 2013 latufundisha kwamba muhuri si dawa ya kosa. Kitabu chaweza kupita mikono mingi rasmi bila ya kusomwa kwa makini na mtoto mmoja aliyeketi nacho.

Yapo mambo ya kutia moyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewakusanya waandishi, wachoraji na wachapishaji katika warsha na kuvifikisha vitabu shuleni. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, zote zimewapa watu sababu ya kuikamilisha miswada. Hata hivyo jaji wa tuzo ana kazi ya kuchagua. Hana wajibu wa kumweleza kila mshiriki kwamba sura yake ya nne inachosha. Mwandishi wa Mkwaja anayemngoja jaji amwambie hivyo atangoja sana.

7. Usomaji wa Mkwaja

Turudi sasa kwa mwandishi aliyetuletea swali. Hatulitaji jina lake, kwa kuwa kazi yake haijachapwa. Tulimshauri aache kutafuta wajuzi wa mbali na aanze na vijana wa kijiji chake, tukafuatana naye. Wakakusanyika wanafunzi wachache wa sekondari, wavulana na wasichana, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi. Mswada ulisomwa kwa sauti, sura mbili kwa siku. Hatukuwauliza kama hadithi ni nzuri, kwa sababu kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa wake kwamba kazi yake ni mbaya. Tuliwauliza walichoka wapi, hawakuelewa wapi, na wapi walisema moyoni mwao kwamba jambo hilo haliwezekani.

Siku ya kwanza walinyamaza. Siku ya pili kijana mmoja aliinua mkono.

“Shikamoo mwalimu. Hawa wametoka hapa na mashua mwezi wa Julai, wamefika Unguja mjini adhuhuri, na upepo uko nyuma yao. Julai ni kusi, mwalimu.”

Mzee akacheka. “Mwanangu, umesema kweli. Kusi likivuma, ukitoka hapa kwenda Unguja mjini upepo ni wa omo. Itakubidi upige bisha kutwa nzima. Upepo huo wa nyuma utakupeleka Pangani na Tanga.”

Mwandishi alikuwa ameishi mjini tangu utotoni, na pepo za msimu alizijua kwa majina tu. Maneno upepo wa omo na kupiga bisha hayakuwamo katika mswada wake. Aliandika tu kwamba mashua ilikwenda kwa taabu au kwa raha. Kwa sahihisho moja alipata ukweli wa safari na pia maneno mawili ya ubaharia ambayo yamo katika kamusi na yanazidi kutoweka katika vitabu vya vijana.

Msichana mmoja alisita kidogo, kisha akasema kwamba mtoto wa miaka tisa haitwi mwali. Mwali ni aliyekwisha kuvunja ungo; huyo wa hadithini ni mtoto, na hata kigoli bado hajawa. Wenzake walicheka kwa haya, lakini hakuna aliyembishia. Mhariri wa mjini huenda asingelitia alama neno hilo, maana tahajia yake ni sahihi.

Jambo la tatu lilihusu ng'ombe. Riwaya ilikuwa na vijana wachungaji katika ranchi ya Mkwaja. Ranchi hiyo ilianza katika miaka ya 1950 ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Vijana waliuliza, “Ng'ombe hawa wa wapi?” Hawakuwaona maishani mwao. Mwandishi alikuwa ameuandika utoto wa kizazi kilichomtangulia, kisha akauita wa leo. Ilimpasa achague: ama autaje mwaka, ama awaondoe ng'ombe.

La nne hawakulisema kwa maneno. Ilipofika sura ambamo babu anampa mjukuu wake nasaha kwa kurasa sita, walianza kutazama dirishani. Mwandishi aliona, akakata kurasa nne bila ya kuambiwa.

Kutokana na usomaji huo tunaweza kutoa mashauri machache kwa anayetafuta wasomaji wa namna hii. Atafute wenye umri wa wale anaowaandikia, na aongeze mtu mmoja anayelijua vizuri jambo linalosimuliwa. Wawe wachache, ili kila mmoja asikike. Asiwachague jamaa wa karibu peke yao, kwa maana mapenzi huziba masikio. Aseme mapema kwamba kazi haijaisha. Akosolewapo asijitetee, bali aandike. Na mwishowe yeye ndiye mwenye kuamua, kwa kuwa wasomaji hukubaliana zaidi juu ya mahali palipoharibika kuliko juu ya namna ya kupatengeneza.

8. Istilahi

Desturi yetu katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Tumeyapima majina yafuatayo kwa utaratibu huo.

Msomaji beta. Ni fupi, na ni rahisi kutamka. Lakini asiyeijua historia ya programu za kompyuta haambiwi lolote na herufi ya pili ya Wayunani.

Msomaji wa majaribio. Lina kasoro ya kuelekeza jaribio kwa msomaji. Kama vile mfanyakazi aliye katika kipindi cha majaribio, yaonekana msomaji ndiye anayejaribiwa, ilhali kinachojaribiwa ni mswada.

Msomaji wa awali. Lilipendwa na wengi tuliowauliza, mpaka mwalimu mmoja alipokumbusha kwamba elimu ya awali ni ya watoto wadogo. Msomaji wa awali ataeleweka kuwa ni anayejifunza kusoma.

Msomaji wa mswada. Ni wazi, na linafaa kuwa jina la jumla. Kasoro yake ni kwamba linamchukua pia yule anayelipwa na mchapishaji ili ashauri kama mswada ukubaliwe.

Mwonja mswada. Neno hili tumelichukua jikoni. Mpishi wa karamu humpa mtu aonje mchuzi wakati chungu kingali jikoni na chumvi yaweza kuongezwa. Mwonjaji si mpishi, wala si mgeni mwalikwa. Hatoi hukumu ya karamu, na kauli yake ina faida kwa sababu imekuja mapema. Mambo hayo yote yamo katika kazi tunayoitafutia jina. Wapo watakaosema kwamba kitenzi kuonja ni chepesi mno kwa mambo ya fasihi. Tunawajibu kwamba mswada nao ulianza kwa kumaanisha karatasi iliyochafuliwa kwa wino, na leo umeingia Bungeni.

Kwa hiyo tunapendekeza orodha ifuatayo:

mwonja mswada (waonja mswada): asomaye mswada kwa ombi la mwandishi, kabla haujakamilika, ili amweleze alivyoupokea;
uonjaji wa mswada: kazi hiyo;
msomaji wa mchapishaji: ashauriye mchapishaji kama mswada ukubaliwe;
mtathmini: apimaye mswada kwa niaba ya chombo cha idhini au tuzo;
msoma prufu: asahihishaye kurasa zilizokwisha pangwa, kabla ya kuchapwa.

Limebaki jina la riwaya yenyewe. Tumezoea kusema riwaya ya vijana, lakini Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Msichana wa miaka 13 hayumo, na baba wa watoto watatu yumo. Vijana balehe ni sahihi zaidi, ila lina harufu ya zahanati. Chipukizi ni neno zuri, lakini mwandishi chipukizi ni mwandishi anayeanza, na riwaya ya chipukizi yaweza kueleweka kuwa ni aliyoiandika yeye. Jambo hili hatujalimaliza, na tunaliacha wazi kwa makusudi.

9. Tamati

Tumeeleza kwamba kazi ya kuusoma mswada kwa ajili ya kumsaidia mwandishi ilikuwapo katika pwani hii kabla ya matbaa, na kwamba ilififia pale ithibati ilipochukua nafasi yake. Hatusemi kwamba ithibati iondolewe. Tunasema kwamba haitoshi, na kwamba kitabu cha vijana kinachofika kwenye ithibati bila ya kupita kwa vijana kimeruka hatua moja.

Mwandishi wa Mkwaja ameirudia kazi yake. Mashua yake sasa inasafiri wakati wa kaskazi.

Mapendekezo ya istilahi yaliyomo humu bado hayajasanifishwa. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa sekondari, wavuvi na mabaharia wa pwani, na vijana wenyewe, watuletee maoni yao kabla orodha hiyo haijapelekwa kwenye Kamati ya Istilahi. Anayelijua neno la kijijini kwake linalomtaja mtu wa namna hii atuandikie, ataje na mahali linapotumika.